Wimbo wa Mapenzi Ugeukapo Kuwa Ukumbusho

Wasomaji wetu, nanyi wanafunzi mnaosoma kijitabu hiki kwa sauti ili wazee wenu wapate kusikia, katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo ambalo kila mtu limempata, lakini ni wachache waliokaa chini wakalifikiri. Wimbo wa mapenzi hutungwa kwa kumbembeleza mchumba, au kwa furaha ya ngoma, au kwa kumlalamikia mpenzi aliyekawia. Miaka ikipita, wimbo ule ule, maneno yale yale, huwa wimbo wa machozi. Yule aliyekuwa akiucheza zamani sasa huusikia akageuza uso ukutani. Je, ni kitu gani kilichobadilika? Wimbo haukubadilika hata neno moja.

Twaanza na Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, mkoa wa Songwe, kwa kuwa nchi ile ina mfano mzuri wa kutusaidia. Zamani, kabla ya vyeti vya kuzaliwa kuenea, watu walihesabu umri kwa matukio: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka wa vita. Sasa Ivuna wanalo tukio ambalo vijiji vingi duniani havina. Tarehe 16 Desemba 1938, wakati wa jioni, jiwe lilianguka kutoka mbinguni karibu na Ivuna. Vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo moja, yapata gramu 705, lakini ni aina ya kimondo iliyo adimu mno, na kipande chake kimehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya London, ambako wataalamu hukipima kama dhahabu. (Tusikichanganye na kile kimondo kikubwa cha Mbozi, ambacho ni chuma nacho hakibebeki na mtu.) Basi yaelekea mama aliyejifungua mwaka ule hakuwa na haja ya kalenda. Mtoto wake alikuwa wa mwaka wa jiwe.

Nyimbo nazo ni kalenda ya namna hiyo, ila ni kalenda ya moyo. Mwulize mtu mzima alioa mwaka gani, huenda akasita. Mwimbie wimbo uliokuwa ukipigwa siku zile za harusi yake, atakwambia mwaka, atakwambia na mvua ilivyokuwa, na nani aliyechelewa kuja na jogoo wa kitoweo. Tofauti ni hii: mwaka wa jiwe ulikuwa mmoja kwa watu wote wa Ivuna, bali mwaka wa wimbo kila mtu ana wake.

Hatuna mfano ulio bora kuliko wimbo wa “Malaika”. Hapana mtu wa Afrika ya Mashariki asiyeujua. Habari yake ni nyepesi kabisa. Kijana ampenda msichana, amwita malaika, ataka kumwoa, lakini hana mali. Fedha ndiyo inayomzuia. Basi, habari imekwisha. Hapana mtu anayekufa ndani yake, wala hapana vita, wala safari. Ni jambo la mahari, ambalo kila kijiji chalijua. Katika nchi ambapo mahari ni ng'ombe, kijana maskini wa ukoo usio na zizi ameujua wimbo ule kabla haujatungwa.

Lakini tazameni jinsi ulivyotungwa. Mtunzi hakutaja jina la msichana. Hakutaja kijiji, wala mto, wala kabila, wala mwaka. “Malaika” si jina la mtu mmoja; ni jina ambalo kila mpenzi aweza kumpa mpenziwe. Kwa hiyo mna nafasi tupu katikati ya wimbo, kama kiti kilichowekwa bila mwenyewe, na kila asikilizaye humweka mtu wake akaketi pale. Kama yule mtu yu hai na yumo jikoni anapika, wimbo ni furaha. Kama amekwisha kufa, au ameolewa na mwingine, au alivuka mpaka asirudi, kiti ni kile kile, nasi twaona wazi kwamba ki kitupu. Hii ndiyo sababu ya kwanza, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa.

Hata ugomvi juu ya mtunzi wa wimbo huu wafundisha jambo hilo hilo. Wengi humtaja Bwana Fadhili William, mzaliwa wa Taita nchini Kenya, ambaye aliuimba katika santuri pamoja na bendi yake ya Black Shadows yapata mwaka 1960. Sahani yake ndiyo iliyoutoa wimbo ukajulikana. Fadhili William baadaye alikaa Marekani miaka mingi, akarudi kwao, akafariki mwaka 2001. Lakini yuko na Bwana Adam Salim, mtu wa Tanganyika, aliyezaliwa mwaka 1916, ambaye alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga, Nairobi, mwaka 1945, kwa ajili ya msichana aliyempenda naye akanyimwa, akaozwa mtu mwenye mali. Wako na wengine waliodai. Sisi hatukuwekwa kuwa mahakimu wa shauri hilo. Twaona tu kwamba shauri hili si la fedha peke yake, ingawa fedha zilikuwamo, tena nyingi, na watunzi wetu wa siku zile walipata kidogo sana katika mali iliyotoka jashoni mwao. Mtu adaipo kwamba wimbo ni wake, mara nyingi amaanisha kwamba yule msichana aliyemo ndani ya wimbo ni wake. Kumnyang'anya wimbo ni kumnyang'anya mara ya pili yule aliyekwisha kunyang'anywa.

Kisha wimbo ukaondoka mikononi mwao wote. Bibi Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuchukua akauimba katika nchi nyingi, na mwaka 1965 ukatiwa katika santuri aliyoifanya Marekani pamoja na Bwana Harry Belafonte. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Lakini angalieni alikuwa mtu wa namna gani. Mwaka 1960 mama yake alifariki huko kwao, naye alipotaka kurudi kumzika, Serikali ya makaburu ilikuwa imeibatilisha pasi yake ya safari. Hakumzika mama yake. Alikaa ugenini yapata miaka thelathini, hata mwaka 1990 alipopata kurejea. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1985, akafiwa na mwanawe wa pekee, binti yake Bongi, nchini Guinea. Basi alipoimba habari za kijana asiyeweza kumpata ampendaye, nani atasema kwamba aliyekuwa akimfikiri ni mchumba? Wimbo wa mahari katika kinywa chake ulikuwa wimbo wa mtu aliyezuiliwa mlangoni pa kwao. Maneno hayakubadilika. Kiti tu kilikaliwa na mwingine.

Sasa tuingie ndani ya jambo lenyewe, tuone jinsi linavyofanya kazi. Wanafunzi hutuuliza mara kwa mara: kwa nini wimbo, na si picha au barua? Picha nayo yakumbusha. Barua yakumbusha. Lakini picha ni lazima uitoe sandukuni, na barua uifungue. Wimbo hauombi ruhusa. Unapita njiani kichwani una mtungi wa maji, redio yalia katika duka la jirani, na kabla hujajua ni wimbo gani magoti yamekwisha kulegea. Sikio halina kope za kufumba kama jicho.

Zaidi ya hayo, wataalamu wa elimu ya akili wamepima, wakaona kwamba mtu mzima akiulizwa akumbuke maisha yake, mambo mengi anayoyakumbuka waziwazi ni ya tangu umri wa miaka 10 hivi hata 30. Miaka ya baadaye, hata ikiwa na mambo makubwa, haiachi alama nyingi vile. Sababu si ngumu kuifahamu. Katika miaka ile kila kitu ni cha kwanza: safari ya kwanza, mshahara wa kwanza, mpenzi wa kwanza, msiba wa kwanza uliouelewa. Jambo la kwanza halina la kufananishwa nalo, kwa hiyo hukaa peke yake likaonekana. Nyimbo unazozisikia siku zile huingia pamoja na mambo hayo kama kamba na mzigo. Ndiyo maana kila kizazi husema nyimbo za zamani ndizo zilizokuwa nyimbo, na za siku hizi ni kelele. Babu zetu waliwaambia baba zetu hivyo, na sisi twawaambia ninyi.

Mwaka 2009 mtaalamu aitwaye Petr Janata, wa chuo kikuu kimoja cha California, alitoa habari za majaribio yake. Aliwalaza wanafunzi katika chombo kinachoonyesha kazi ya ubongo, akawapigia vipande vifupi vya nyimbo zilizovuma walipokuwa watoto na vijana. Palipotokea wimbo uliomkumbusha mtu jambo la maisha yake, sehemu fulani ya ubongo, iliyo mbele, nyuma ya paji la uso, ilizidi kufanya kazi. Mahali pale pahusika na mtu kujifikiri mwenyewe, yeye ni nani na ametoka wapi. Mahali hapo hapo ni miongoni mwa sehemu zinazochelewa kuharibika katika ule ugonjwa wa usahaulifu uwapatao wazee, uitwao Alzheimer. Hivyo twafahamu sasa jambo ambalo watu wengi wameliona nyumbani bila ya kuwa na maelezo yake: bibi aliyesahau majina ya wajukuu zake, naye aimba wimbo wa ujana wake kutoka mwanzo hata mwisho, pasipo kukosa.

Lakini miaka mingi kabla ya vyombo hivyo, watu walikwisha kuliona jambo hili kwa macho. Katika nchi ya Uswisi, nchi ya milima na ng'ombe, vijana wengi walikuwa wakienda kuajiriwa askari katika majeshi ya wafalme wa kigeni. Mwaka 1688 kijana mwenye kusomea udaktari katika mji wa Basel, Johannes Hofer, aliandika juu ya ugonjwa unaowashika watu waliotoka kwao: kutamani kwao hata mwili ukakonda. Baadaye ikaenea habari ya wimbo mmoja wa wachungaji wa ng'ombe wa Uswisi. Mwandishi mashuhuri Jean-Jacques Rousseau, ambaye naye alizaliwa Geneva, aliandika katika kamusi yake ya muziki mwaka 1768 kwamba ilikatazwa kabisa kuupiga wimbo ule kati ya askari wale, maana walioisikia sauti yake walilia, au walitoroka jeshi, au walikufa. Kisha akaongeza neno la busara sana. Alisema kwamba tusitafute nguvu hiyo katika muziki wenyewe. Mgeni akiusikia haoni kitu. Wimbo hapo haufanyi kazi kama muziki, bali kama ishara ya ukumbusho.

Sisi tukiwa watu wa nchi ya ng'ombe na ya safari, hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Vijana wa upande wa Ivuna, na wa Unyamwanga wote, hawakukaa nyumbani siku zote. Baada ya dhahabu kuonekana katika mto Lupa, nchi ya Chunya, mwaka 1922, watu wengi walikwenda huko kutafuta mshahara. Wengine walivuka kuelekea migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu 1964 yaitwa Zambia. Katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wa Tanganyika walitiwa katika jeshi la King's African Rifles, na mwaka 1944 Waafrika wa Mashariki walikuwa wakipigana katika misitu ya Burma, matope yakiwafika magotini. Miongoni mwa waliowaimbia askari katika vita hiyo alikuwa Bwana Fundi Konde wa pwani ya Kenya, ambaye baadaye nyimbo zake za gitaa zilipendwa sana. Vita ilipokwisha, walirudi waliorudi. Nyimbo walizojifunza huko walirudi nazo, na hivyo katika vijiji ambako hapakuwa na kaburi la askari hata moja, pakawa na wimbo.

Hapa ndipo twapaswa kusema neno juu ya santuri na redio, maana bila hizo habari yetu ingekuwa fupi. Zamani wimbo uliishi vinywani tu. Mwimbaji akifa, sauti yake ilikufa naye. Wimbo uliendelea kwa sauti za wengine, ukibadilika kidogo kidogo. Mwaka 1928 Bibi Siti binti Saad wa Unguja alisafiri pamoja na wenzake hata Bombay, sauti zao zikatiwa katika santuri, naye akawa wa mbele katika waimbaji wa Kiswahili waliosikika kwa njia hiyo mbali na kwao. Alifariki mwaka 1950, na sahani zake zikaendelea kuimba. Hilo lilikuwa jambo jipya kabisa duniani kwetu, kwamba marehemu aimbe mapenzi barazani na watu wanywe kahawa.

Redio nayo ikaja. Mwaka 1949 ilianza kuuzwa katika Rhodesia ya Kaskazini redio ndogo ya betri, ya mviringo kama sufuria, nayo kwa sababu hiyo ikapata jina la sufuria, bei yake pauni 5, ili watu wa vijijini wasikilize matangazo ya Lusaka. Mwaka 1951 Dar es Salaam nayo ikaanza kutangaza. Ivuna iko karibu na mpaka kuliko ilivyo karibu na Dar es Salaam. Twadhani si ajabu kama sauti za upande wa pili ziliwafikia wengi mapema zaidi. Baada ya uhuru, Redio Tanzania ilikuwa na vipindi vya salamu: mtu huandika kadi, huwataja jamaa zake kwa majina, huchagua wimbo. Vipindi hivyo vilifunga nyimbo na watu kuliko kitu kingine chochote tunachokijua. Kijana aliyekuwa akijenga reli ya TAZARA, iliyoanzwa 1970 ikakabidhiwa 1976, aliweza kumsalimu mchumba wake aliyeko kijijini, na kijiji kizima kikasikia. Tangu siku ile wimbo ule haukuwa tena wa mtunzi. Ulikuwa wimbo wa fulani na fulani. Kama baadaye fulani huyo alipotelea safarini, hebu fikirini ni nani aliyeweza kuusikia wimbo ule tena katika kijiji kile akaona kuwa ni ngoma tu.

Wakati mwingine hafi msikilizaji wala mpenzi, bali hufa mwimbaji. Bwana Salum Abdallah wa Morogoro, aliyeiongoza bendi ya Cuban Marimba, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Bwana Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro vile vile, fundi wa gitaa ambaye hata leo hatujapata wa kumfananisha naye, alikufa Januari 1979, kwa ajali ya gari, huko Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Watu walioamka asubuhi wakisikia nyimbo zake zikifuatana redioni pasipo maelezo walijua kwamba kuna jambo. Nyimbo alizoziimba kwa mpenzi wake zikawa, kwa siku moja, nyimbo za kumlilia yeye.

Kuhusu matanga, watu hubishana. Wako wasemao kwamba wimbo wa dunia haufai kusikika katika nyumba ya msiba, ni aibu, ni kumdharau marehemu. Twawaheshimu. Lakini twaona pana namna mbili za kufiwa, na haipasi moja kuihukumu nyingine. Mjane mmoja huzima redio wimbo wa mumewe unapoanza, hata mwaka wa tatu, hata wa kumi. Mwingine huongeza sauti, akakaa akausikiliza hata mwisho, kisha akaenda kupika. Huyu wa pili si kwamba amesahau, wala hana moyo mgumu. Kwake wimbo ni mahali pa kumwonea mumewe, na dakika tatu za santuri zamtosha. Tumewahi kusikia watu wakimsengenya mwanamke wa namna hii. Maneno ya ovyo.

Lipo na jambo jingine ambalo wengi hawalitazamii. Wimbo waweza kuchakaa. Kila mara usikiapo wimbo mahali papya, kumbukumbu mpya hujishika nao, juu ya zile za kwanza, kama tabaka la udongo juu ya jingine. Mtu aliyeusikia “Malaika” mara moja kwa mwaka ameuhifadhi. Mtu ausikiaye kila jioni katika mahoteli ya pwani, ukiimbiwa watalii wanaokula kamba, hana tena chake ndani yake. Wimbo huu umeimbwa na watu wengi mno: Boney M. mwaka 1981, Bibi Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991, na wengine wasio na hesabu. Kwa utukufu wake twafurahi. Lakini ukitaka kuona mtu akishikwa na wimbo barabara, usimpigie “Malaika”. Tafuta wimbo mdogo, ambao haukuvuma, wa bendi iliyokufa zamani, ambao hajausikia tangu alipokuwa na umri wa miaka 20. Huo haujaguswa. Hakuna tabaka la pili juu yake.

Watu wa Ivuna watatuelewa upesi kwa sababu ya chumvi. Wachimbuzi wa mambo ya kale, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1968, walionyesha kwamba pale Ivuna watu walikuwa wakifanya chumvi tangu karne nyingi zilizopita, kabla ya mtu yeyote kuandika habari za nchi ile. Maji ya chumvi hutiwa chunguni, huchemshwa, maji yakaenda zake hewani, na kile kilichobaki chini ni kidogo sana, nacho ni kikali. Hata mapenzi ya mtu yakishapita, siku nyingi za kawaida huenda zake: siku za kulima, za kugombana kwa ajili ya kuni, za kunyamaza tu. Mtu hawezi kuzikumbuka zote. Kilichobaki mara nyingine ni wimbo mmoja, na ladha yake si tamu.

Sasa, kwa ajili ya wanafunzi, tuna kazi tunayowapa, nayo ina haraka. Kanda za zamani za Redio Tanzania, zilizojaa sauti za bendi za nchi nzima, zilikaa miaka mingi katika maghala, na kanda huharibika kwa joto na unyevu. Zile zilizohamishiwa katika vyombo vipya zimepona. Lakini hata kanda ikipona, haisemi wimbo ule ulikuwa wa nani hapa kijijini. Hilo limo katika vichwa vya wazee tu, na hakuna idara ya serikali itakayokuja kuliuliza. Nendeni mkawaulize babu zenu na bibi zenu. Msianze kwa kusema, “Shikamoo, babu, tuambie habari za zamani,” maana atawaambia habari za vita na kodi, ambazo amekwisha kuzisema mara mia. Mwamkieni, kaeni, kisha anzeni wimbo. Hata mkiukosea ni vizuri. Atawasahihisha, na katika kuwasahihisha ataukumbuka.

Andikeni maneno kama anavyoyasema yeye, msiyanyoshe. Kama ni ya Kinyamwanga, yaandikeni kwa Kinyamwanga, kisha chini yake maana kwa Kiswahili. Andikeni aliusikia wapi, katika sahani, au redioni, au kwa mdomo wa nani. Alikuwa akifanya kazi gani wakati huo. Alikuwa na nani. Hili la mwisho msilisukume. Huenda akataja jina ambalo hamjapata kulisikia nyumbani, na kama bibi yenu yupo karibu msimwulize kwa sauti ni nani huyo. Na akinyamaza katikati ya ubeti, msimkumbushe neno linalofuata. Kalamu iwekeni chini, mngoje.